Unyevu Unaopanda Kutoka Chini ya Sakafu na Kifua cha Mtoto

Kama mtoto wako anakohoa zaidi usiku, akienda kulala kwa bibi yake anapata nafuu, na mkirudi nyumbani kikohozi kinaanza upya, mpeleke kliniki. Kisha kagua pia chumba anacholala. Gusa ukuta ulio karibu na kitanda, inua godoro, sogeza kabati. Ukikuta ubaridi, mabaka meusi au harufu ya uvundo, unyevu unachangia tatizo.

Ukuta wenye maji huota ukungu, na ukungu hutoa chembe ndogo ambazo mtoto huvuta anapolala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na ukungu wa ndani na kikohozi, kifua kutoa mluzi na pumu. Mwongozo huo haukuweka kiwango cha ukungu kinachohesabiwa kuwa salama. Ulisisitiza kuzuia unyevu wenyewe.

Majirani wengine watakuambia nyumba mbichi huleta kifua kikuu. Hapana, TB huletwa na bakteria kutoka kwa mgonjwa. Lakini mtoto akikohoa wiki 2 au zaidi apimwe, hata kama unaona ukungu ukutani.

Maji yanatoka wapi?

Jua hili kabla ya kununua rangi. Kila masika naona kuta zimepakwa rangi mpya, na baada ya miezi michache inabanduka kama ngozi ya kitunguu. Hiyo ni hela ya chakula iliyopotea.

Unyevu wa paa huanzia juu na kushuka. Unaotoka ardhini huanzia chini, na mara nyingi hauvuki mita 1 hivi. Kwa sakafu, chukua kipande cha nailoni cha nusu mita, kibandike kwa selotepu pande zote nne, ukiache siku 2. Matone yakiwa chini ya nailoni, maji yanapanda kutoka ardhini. Yakiwa juu yake, ni mvuke wa humo ndani: kupika, kuanika nguo chumbani, au watu wengi kulala madirisha yakiwa yamefungwa.

Unga mweupe ukutani si lazima uwe ukungu. Mara nyingi ni chumvi, hasa kwenye nyumba za pwani zilizojengwa kwa mchanga wa baharini usiooshwa. Udondoshee maji: chumvi itayeyuka, ukungu hautayeyuka. Chumvi haimkoholeshi mtoto kama ukungu, ila inakuonyesha kuwa maji yanapita ndani ya ukuta huo.

Anzia nje

Kazi yenye faida kubwa haihitaji fedha nyingi, inahitaji jembe. Ardhi inayozunguka nyumba iteremke kwenda mbali na ukuta. Ondoa udongo, taka au matofali yaliyorundikwa hapo. Pale maji ya bati yanapodondokea, weka gata au chimba mfereji uyapeleke mbali. Maji ya kuogea na kufulia yasimwagwe nyuma ya chumba cha kulala. Kama ni mpangaji, mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kuchimba. Wengi hawakatai kazi isiyowagharimu.

Sakafu ikiendelea kutoa maji, huenda ilimwagwa bila nailoni nzito chini yake. Fundi anaweza kutandika nailoni juu ya sakafu ya zamani, akaipandisha kidogo pembeni mwa kuta, kisha akamwaga sakafu mpya juu yake. Hapo mwenye nyumba ndiye agharimie. Kufunika ukuta mbichi kwa lipu nzito ya saruji hakusaidii, maji hupanda juu zaidi. Zulia la plastiki nalo huficha tu, na ukungu huendelea kukua chini yake.

Ndani

Sogeza kitanda kiasi cha kiganja kutoka ukutani, na godoro lisilale chini. Likishalowa na kuota ukungu, kulianika juani hakutoshi. Najua bei ya godoro, lakini hilo usimlazie mtoto mwenye pumu. Fungua madirisha mchana mvua ikikatika.

Sugua mabaka kwa maji na sabuni, mtoto akiwa nje, nawe umefunga pua na mdomo kwa kitambaa. Ukitumia jiki, usiichanganye kamwe na dawa ya choo wala sabuni yenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa, hasa usiku. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza kufa usingizini.

Wakati wa kukimbilia kituo cha afya

Hesabu pumzi za mtoto kwa dakika 1 nzima akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Usisubiri pia kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta pumzi, kifua kinatoa mluzi, hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Ukifika, mweleze mhudumu kuwa nyumba ina unyevu, maana si wote watakaokumbuka kuuliza.