Kiti cha Enzi: Jina Moja, Viti Viwili

Juzi kwenye harusi moja Kisauni nilimsikia kijana wa mapambo akiwahimiza wenzake: "Leteni kile kiti cha enzi, maharusi wafika!" Kikaletwa kiti kipana kilichopakwa rangi ya dhahabu, simba wawili kwenye mikono yake, taji kileleni, mahameli mekundu. Bibi mmoja kando yangu akaguna: "Hicho si kiti cha enzi, mwanangu."

Nani kasema kweli? Kilugha, kijana hakukosea. Enzi ni neno lenye asili ya Kiarabu, maana yake utukufu na mamlaka, na Biblia ya Kiswahili hulitumia jina hilo kwa kiti cha mfalme yeyote. Simba, taji na dhahabu nazo ni alama za wafalme wa Ulaya, ambako mafundi walibandika mabamba membamba ya dhahabu juu ya mti uliochongwa.

Lakini bibi alikuwa na kiti mahususi akilini. Huku Pwani, tangu Lamu na Pate hadi Mombasa, kiti cha enzi ni kile cha mpingo, chenye mgongo mrefu ulionyooka, pahali pa kuwekea miguu, na sehemu zilizosukwa kwa uzi. Dhahabu hakina hata chembe. Nakshi yake ni vipande vya pembe ya ndovu au mfupa vilivyopachikwa kwenye mti mweusi. Wala huoni mnyama, ni maumbo ya kupimwa kwa rula tu. Na utajiri umo humo humo: pembe ilikuwa bidhaa iliyovusha majahazi bahari. Muungwana alikiweka kiti hicho nyumbani, akaketi mgeni wa heshima, tena akaketi wima, maana mgongo wake haumruhusu mtu kujilaza.

Asili yake wataalamu wameibishania. James de Vere Allen alikiandikia makala mwaka 1989. Wapo wanaotazama Misri ya Mamluki, wapo wanaotazama Ureno na India. Mimi naona mjadala huo humsahau fundi wa Pwani aliyeamua achukue nini na aache nini.

Mtunga kamusi akiniuliza, nitamwambia aweke maana mbili, ya bibi itangulie.

Nilimuuliza bibi kama kwao kilikuwapo. "Kilikuwapo. Ndugu zangu wakamuuzia mnunuzi wa vitu vya kale, wakanunua makochi." Makochi yenyewe, akaniambia, yalishatupwa.