Mavuno ya Kaskazi: Habari za Kale za Kitalu cha Nyumbani

Mwezi wa Desemba, mvua za vuli zikiisha na upepo wa kaskazi ukianza kuvuma, mtu wa pwani mwenye kitalu nyuma ya nyumba yake huwa tajiri kwa muda. Maembe huanguka usiku juu ya mabati, mananasi hunukia, mchicha hukatwa asubuhi ukachipua tena, kunde mbichi na majani yake huchumwa kwa mkono mmoja. Mwenyewe hula, hupelekea jirani sahani iliyofunikwa, na sahani ile ikirudi hairudi tupu. Jambo hili ni la kila mwaka, hata watu hawalihesabu kuwa lina historia. Tena wapo baadhi yetu walimu wasemao kwamba bustani ya nyumbani ni elimu iliyoletwa na misioni pamoja na ubao na chokaa. Maneno haya si kweli, na mashahidi wa kuyakanusha ni majina yenyewe ya vitu tunavyovila.

Tuanze na neno bustani. Asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni mahali pa harufu nzuri. Ni neno la mawaridi na yasmini kabla ya kuwa la mboga. Watafsiri wa Maandiko walipofika habari ya Ahabu, aliyelitaka shamba la mizabibu la Nabothi ili alime mboga karibu na nyumba yake, walilinyosha neno hili likafaa. Lakini mtu wa kawaida hasemi bustani anapotaja kipande chake kilichozungushiwa ua wa miti au wa mawe, husema kitalu. Na miti ya matunda iliyo pembezoni mwa mji iko kiungani. Maneno haya mawili yalikuwapo kabla ya misioni.

Sasa tuwasikilize wageni walioona kwa macho. Mwaka 1331 Ibn Battuta, mtu wa Tangier katika Moroko, alipita pwani hii. Huko Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na visahani vya achari: malimau, pilipili, tangawizi mbichi, na maembe machanga yaliyotiwa siki na chumvi. Akaeleza kwamba embe likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, na likiwa changa ni kali kama limau. Msomaji aliyekulia Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa. Achari hiyo ipo mezani kwake hata leo. Alipofika Mombasa aliona migomba na milimau, na tunda moja lifananalo na zeituni, lenye kokwa kama yake, lakini tamu sana, aliloliita jammun. Wengi huona kwamba ndilo zambarau letu, maana Wahindi huliita jamun. Akaongeza kuwa watu wa kisiwa kile hawakupanda nafaka. Waliletewa kutoka nchi kavu ya Waswahili. Maana yake ni kwamba kisiwa kilikuwa na vitalu kabla hakijawa na mashamba.

Shahidi wa pili ni kitabu cha safari ya Vasco da Gama. Siku ya Jumapili ya Matawi, tarehe 8 Aprili 1498, mfalme wa Mombasa aliwapelekea Wareno kondoo, na machungwa na malimau mengi, na miwa. Mwezi wa Januari 1499, yaani katika kaskazi, merikebu zilirudi Malindi kutoka Bara Hindi na mabaharia wengi wakiwa karibu kufa kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi. Jemadari akatuma mtu pwani alete machungwa, kwa kuwa wagonjwa waliyatamani mno. Yakaletwa kesho yake, ila kwa wengi yalichelewa, wakafa huko huko. Sasa twajua kwamba ugonjwa ule ni wa kukosa vitamini iliyomo katika matunda mabichi na mboga, na madaktari wa Ulaya walikawia sana kuafikiana juu ya dawa yake. Ilikuwa imeangika mitini Malindi.

Wareno walikaa Mombasa hata Waarabu wa Omani walipoitwaa ngome mwaka 1698, na katika muda huo vitalu vilijaa vitu vya Amerika. Nanasi ni ananas ya Wareno, walioitwaa kwa wenyeji wa Brazili. Papai ni papaia. Kanju ni caju. Pera ni neno la kuchekesha kidogo: kwa Mreno ni tunda jingine kabisa la nchi za baridi, naye alipokosa tunda la kwao alilipa jina lake hili lililofanana nalo kwa umbo. Lakini si kila kitu cha Amerika kilikuja kwa njia ya Wareno moja kwa moja. Stafeli lilizaliwa Amerika, na jina lake ni la Kihindi, sitaphal. Basi lilizunguka ulimwengu kabla ya kufika kwetu. Fenesi nalo lina jina la Bara Hindi, phanas, na huko ndiko kwao. Embe ni amb ya Kihindi na anba ya Kiarabu. Shelisheli limebeba jina la visiwa lilikotoka, na mahindi yamebeba jina la Bara Hindi ambako hayakutoka.

Napenda zaidi habari ya pilipili. Pilipili aliyoila Ibn Battuta haikuwa hii nyekundu iwashayo, maana hiyo haikujulikana nje ya Amerika mpaka safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Jina lilikuwa la ile nyeusi ya Bara Hindi, tena ni jina la kale sana. Mgeni mwekundu alipofika alipandwa uani, akazaa mwaka mzima bila kununuliwa, akamnyang'anya mwenyeji jina lake. Yule wa kwanza, aliyekuja kwa jahazi tu, ndiye aliyelazimika kuongezewa neno: pilipili manga, pilipili ya Uarabuni. Ndivyo ilivyo kwa komamanga pia, yaani koma la Manga, limepewa jina kwa kulinganishwa na tunda la mkoma wa pwani yetu. Kitu kisichoota kitaluni huitwa kwa jina la nchi yake. Kilichozoea udongo huitwa kwa jina tupu.

Hata hapa nimesema habari za matunda. Tukija kwenye mboga za majani mambo hugeuka, na hapa ndipo pana jambo la kuangaliwa. Neno mboga lenyewe ni la Kibantu. Wanyarwanda na Warundi husema imboga. Mnavu wa Waswahili ni mnafu kwa watu wengi wa kaskazini ya Tanzania, managu kwa Wakikuyu, rinagu kwa Wakisii. Maneno haya ni ndugu, na hayakuletwa na jahazi wala na mwalimu. Yalikwenda kwa miguu pamoja na wanawake wenye majembe. Matunda yana majina ya bahari kwa sababu yaliletwa na wafanya biashara na kupandwa na wenye nyumba kubwa. Majani yana majina ya nchi kwa sababu waliyoyatunza hawakuandikwa popote.

Na hao walikuwa nani? Wengi, katika karne ya 19, walikuwa watumwa. Katika mashamba ya karafuu ya Unguja ilikuwa desturi kuwaachia siku mbili katika juma, Alhamisi na Ijumaa, walime ngwe zao wenyewe, na humo walipanda muhogo, kunde na mboga. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907, wengi walikaa palepale kwa ruhusa ya mwenye shamba. Aliwakubalia kulima vyakula vya msimu chini ya miti yake. Hakuwakubalia kupanda miti. Kwa desturi ya pwani mti una mwenyewe mbali na ardhi. Huuzwa, huwekwa rehani, hurithiwa. Basi mtu akipanda mwembe amedai kitu. Akipanda mchicha hakudai neno. Ndiyo sababu kisamvu na matembele, majani ya mimea miwili iliyotoka Amerika, yakawa kitoweo cha maskini kilichopikwa kwa ustadi mkubwa, na embe dodo likawa la mwenye mwembe.

Twarudi kwa walimu. Bustani nyingi za shule zilipoanzishwa zilipandwa kabichi, karoti na saladi, na mtoto aliyeleta mgagani kutoka kwao aliambiwa ni magugu. Sisemi kabichi ni mbaya. Lakini majani ya mchicha yana vitamini A na chuma kuliko kabichi, na mgagani huota penye jua kali ambapo kabichi hunyauka. Waswahili wengine huuita mkabili shemsi. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya amefanya kazi ya miaka mingi kuzirudishia mboga hizi heshima, na huko Arusha kuna kituo kinachohifadhi mbegu zake. Mbegu zaweza kuhifadhiwa na watu wachache. Majina hayahifadhiwi hivyo. Padre Charles Sacleux, aliyekuwa mtaalamu wa mimea, aliyaandika kwa wingi katika kamusi yake iliyotoka miaka ya 1939 hata 1941, akatia majina ya kitaalamu. Walakini alikaa Unguja na Bagamoyo, na ya bara hakuweza kuyamaliza.

Kwa hiyo nawaomba wasomaji walioko bara, na hasa wale walio na bibi wazee katika mitaa yao, waandike majina ya majani yachumwayo kaskazi ikifika: mmea waitwaje, nani huuchuma, wapandwa au waota wenyewe, na wapikwa kwa nazi, kwa karanga au kwa maziwa, kama Wajaluo wafanyavyo mgagani, wanaouita dek. Waandike pia ni majani gani hukaushwa na kutiwa akibani kwa miezi ya ukame, kama Wagogo wakaushavyo mlenda. Jina likiwa na maana mbili, waziandike zote mbili.