Kutoka ulanga wa Uluguru hadi pete ya shaba

Yale mawe yanayobanduka kama karatasi na kumetameta milimani Uluguru ni ulanga. (Nasema jiwe, si wilaya.) Wajerumani waliuchimba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza wakaendelea. Walichotaka ni kitu chembamba kinachovumilia joto na kisichopitisha umeme. Ukikibana kati ya vipande viwili vya chuma unapata kapasita. Iunganishe na koili, redio itaitikia masafa fulani na kuyaacha mengine.

Shika hiyo koili na kapasita, tutaihitaji.

Mwaka 1944, huko Kazan, Yevgeny Zavoisky aliweza kupima spini za elektroni, yaani usumaku mdogo ulio ndani ya kila elektroni. Siku hizi wengi wanazipima ndani ya almasi yenye kasoro: atomu ya naitrojeni imekaa jirani na nafasi tupu. Ukiimulika kwa leza ya kijani, inatoa mwanga mwekundu. Ukiipiga maikrowevu ya gigahezi 2.87, mwanga unafifia kidogo. Sumaku ikisogezwa karibu, masafa hayo yanahama, na hapo almasi imekuwa kipimo cha sumaku.

Shida iko kwenye kupeleka hayo maikrowevu. Ukilaza waya juu ya almasi, uga sumaku wake unapungua haraka: umbali ukiwa mara mbili, uga unabaki nusu. Spini za karibu zinazunguka mbio, za mbali zinajikokota, kama wachezaji ambao kila mmoja anasikia ngoma yake. Ukijumlisha mwanga wao, kipimo kinavurugika.

Mwaka 1982 Wojciech Froncisz na James Hyde walieleza kifaa cha pete yenye mwanya. Pete ndiyo koili, mwanya ndiyo kapasita. Mimi naona hapo ndipo penye ujanja wote: kazi ya ulanga inafanywa na uwazi mtupu! Kisha mwaka 2016 Kento Sasaki na wenzake, Japani, walitumia pete ya shaba kwenye bodi ya saketi, wakapata uga karibu sawa ndani ya tundu la milimita 1. Usidhani unaweza kuikuza tu pete upendavyo. Urefu wa wimbi hilo hewani ni kama sentimita 10. Pete ikikaribia ukubwa huo, mkondo haulingani tena kuizunguka.

Bodi yenyewe hata fundi wa Morogoro anaweza kuichonga kwa feriki kloraidi. Leza, chanzo cha maikrowevu na almasi ndivyo vyenye bei.