Mpira, Kobalti na Jiwe la Tabaka

Mwaka 1908 sisi Abagusii tunaukumbuka kwa mkuki wa Otenyo. Alimdunga afisa wa Kiingereza, Northcote, na Waingereza wakajibu kwa kuchoma nyumba na kusomba ng'ombe. Ambacho sikufundishwa shuleni ni kwamba mwaka uo huo, kule Detroit, Henry Ford alitoa gari lake la Model T, na Ubelgiji ikaichukua Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold, baada ya dunia kuona picha za watu waliokatwa mikono kwa ajili ya mpira.

Sisemi mambo haya matatu yalipangwa pamoja. Ila hayo mawili ya mwisho ni ndugu. Baiskeli, kisha gari, zilitaka tairi. Tairi ilitaka mpira. Na mpira ulikuwa kwenye misitu ya watu.

Baadaye mpira mwingi ulitoka makoloni ya Waingereza na Waholanzi huko Asia, na Ford akaogopa kubanwa bei. Mwaka 1928 akaanza kujenga mji wake, Fordlandia, ndani ya msitu wa Brazili, apande mpira wake mwenyewe. Miti ikashikwa na magonjwa. Halafu Vita vya Pili vikaleta mpira wa kutengenezwa kiwandani, na mwaka 1945 kampuni ikauza kila kitu kwa hasara, ikaenda zake.

Hapo ndipo nimejifunza kitu. Mwenye kiwanda cha magari haendi shambani wala mgodini kwa mapenzi. Anaenda akiogopa kukosa. Hofu ikiisha, anaondoka.

Sasa hofu imerudi kupitia betri. Kongo hutoa zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia, nyingi ikitoka upande wa Kolwezi. Zamani kampuni za magari zilinunua vipuri tu, bila kujali madini yalichimbwa wapi. Leo zinaenda zenyewe. Mwaka 2020 BMW ilitia saini mkataba wa kobalti na kampuni ya Managem ya Moroko. Mwaka 2023 General Motors ilitangaza kuweka dola milioni 650 katika kampuni inayoandaa mgodi wa lithiamu huko Marekani. Kongo nayo, Februari 2025, ikasimamisha kuuza kobalti nje ili bei ipande. Lakini tayari betri nyingi za China hazitumii kobalti wala nikeli. Ni Fordlandia tena: mnunuzi anatafuta njia ya kutokuhitaji.

Ng'ambo ya ziwa, kule Kabanga wilayani Ngara, Tanzania iliweka mkataba wa nikeli mwaka 2021: serikali ipate hisa 16%, na madini yasafishiwe Kahama. Wanasiasa wetu huita hiyo kuongeza thamani, na wengi wetu tunapiga makofi.

Mimi nawaza Tabaka. Pale wanaume wanachimba jiwe laini na kulichonga, kina mama wanalipiga msasa kwa maji mpaka linang'aa. Kiboko kinaondoka Kisii kikiwa kimekamilika, thamani imeongezwa tayari. Bado broka ndiye anayepanga bei, kwa sababu yeye ndiye anayemjua mnunuzi wa Nairobi na wa Ulaya. Mchongaji anajua jiwe peke yake.

Sheria ya Madini ya Kenya ya 2016 inagawa mrabaha: 70% serikali kuu, 20% kaunti, 10% jamii. Tunabishana sana juu ya hiyo 10%. Ningependa tubishane pia juu ya mkataba wenyewe. Anayenunua ni nani? Anayahitaji madini haya kwa miaka mingapi? Kiwandani kwake tayari anajaribu nini badala yake? Maswali hayo yaulizwe kabla ya saini, wakati yeye bado anaogopa kukosa.