Ploti mbili chini ya mti mmoja: kwa nini Garissa bado tunanunua ardhi kwa mdomo

Nianze na nyumbani kwetu. Mwaka 1999 habaryar wangu, yaani mamangu mdogo, alinunua ploti hapa Garissa kwa mbuzi kumi na wawili na pesa taslimu kidogo. Mapatano yalifanyika chini ya mti. Wazee watatu walikaa, bei ikatajwa, mbuzi wakahesabiwa, mipaka ikapigwa hatua kwa mguu, fatiha ikasomwa, watu wakanywa chai. Hakuna aliyesaini kitu. Akaweka ua wa miiba, kisha mabati, kisha nyumba ya mawe ya vyumba viwili.

Mwaka 2016 kaka yangu akanunua ploti ya jirani kutoka familia ileile. Mti ni uleule, fatiha ni ileile. Tofauti ni kwamba yeye alilipa kwa vipande kwa M-Pesa na hakujenga. Alisema atajenga akipata.

Mwaka 2022 kijana mdogo wa ile familia alikuja na barua ya mgao wa ploti yenye jina la marehemu babake. Akasema ardhi yote ni yao, sisi tulikuwa tumekaribishwa tu. Kati ya wale wazee watatu wa 1999, wawili tayari wako kaburini.

Sasa swali. Hawa watu wawili wa damu moja, walionunua kwa namna moja, wana haki sawa mbele ya mahakama? Mimi nilidhani ndiyo. Wakili alipotufungulia sheria nilibaki mdomo wazi. Jibu ni hapana, na sababu ni tarehe.

Lakini kabla ya sheria, tuulize kwanza: kwa nini sisi watu wa North Eastern tunanunua kwa mdomo? Kuna wanaosema ni ujinga au uvivu. Mimi nakataa. Hiyo tabia ina historia.

Wakoloni walitufungia mapema. Sheria ya Outlying Districts ya 1902 na ile ya Special Districts ya 1934 zilifanya kuingia na kutoka kaskazini kuwe kwa ruhusa. Miaka ya 1950, Mpango wa Swynnerton ulipoanza kupima mashamba na kutoa hati kule Kenya ya kati, huku hakuna aliyekuja na kamba ya kupimia. Uhuru ukaja, na Sessional Paper namba 10 ya 1965 ikasema pesa za maendeleo zielekezwe kwanza kwenye maeneo yenye rutuba na mvua. Sisi tulikuwa kwenye vita vya Shifta na sheria za hali ya hatari. Sheria hizo ziliondolewa 1991.

Katikati hapo kuna Novemba 1980. Maafisa wa serikali waliuawa mjini, na vikosi vya usalama vikachoma nyumba za Bulla Kartasi, watu wakazuiliwa kwenye uwanja wa shule ya msingi. Jiulize: mama aliyekimbia na mtoto mgongoni angebeba stakabadhi gani? Halafu 1989 ikaja screening, Msomali wa Kenya akatakiwa kuthibitisha kwamba ni Mkenya. Kama kitambulisho chako chenyewe kinatiliwa shaka, utaamini karatasi gani ya ofisi?

Na ardhi yenyewe haikuwa ya mtu mmoja. Ilikuwa trust land, iliyoshikiliwa na baraza la kaunti kwa niaba ya wenyeji. Mjini baraza liligawa ploti kwa barua, na nje ya mji watu waliishi kwa xeer ya ukoo. Kwa hiyo ushahidi wetu ukawa ni watu. Mzee akisema "nilikuwepo", ilitosha. Mfumo huo ulifanya kazi maadamu wazee wako hai na ploti haina bei kubwa. Baada ya 2013 serikali ya kaunti ilikuja, majengo yakaja, bei zikapanda. Wazee nao wanaondoka.

Sasa turudi kwa wakili.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3(3), inasema huwezi kufungua kesi juu ya mkataba wa kuuza ardhi kama haukuandikwa, haukusainiwa na pande zote, na kila sahihi haina shahidi aliyeiona ikiwekwa. Wengi tunajua hapo tu. Tusichojua ni kwamba maneno hayo yalianza kutumika tarehe 1 Juni 2003. Kabla ya hapo sheria ilikuwa na mlango. Mnunuzi wa mdomo aliyetimiza sehemu yake na kuchukua ardhi kwa sababu ya yale mapatano angeweza kusikilizwa. Na mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya mapatano ya mdomo ya miaka ya 1960, ilisema mabadiliko hayo hayarudi nyuma kuua mikataba ya zamani.

Umeona? Habaryar alinunua 1999, akalipa, akaingia, akajenga. Anaweza kusimama mahakamani juu ya mapatano yenyewe. Kaka alinunua 2016, hana karatasi, hana hata ua. Kwake mlango wa mkataba umefungwa.

Lakini hajabaki mikono mitupu. Kifungu hichohicho kinaacha nafasi ya amana inayotokana na mwenendo wa watu: umechukua pesa yangu, ukaniachia ardhi, nikatumia mali yangu juu yake kwa kukuamini, basi huwezi kugeuka leo. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ilikubali hoja ya namna hiyo hata pale ambapo kibali cha bodi ya ardhi hakikupatikana. Kwa kaka, ugumu ni kwamba hakuingia. Kilichobaki ni kudai pesa zake, na hapo rekodi za M-Pesa ndizo shahidi wake. Asilale tu, kwa sababu dai la mkataba lina miaka sita. La kurudishiwa ardhi lina kumi na miwili.

Na hati je? Kisheria dawa kubwa ya mnunuzi ni amri ya mahakama kwamba muuzaji atekeleze mkataba, ahamishe ardhi kwa jina lako. Ili upewe, uonyeshe umelipa au uko tayari kulipa. Lakini hakimu hawezi kumlazimisha mtu akupe asichokuwa nacho. Kama ploti haijasajiliwa, hakuna hati ya kuhamisha, na hakuna hata daftari la kuweka zuio la tahadhari. Kama ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema hata serikali ya kaunti yenyewe haina ruhusa ya kuiuza. Hapo unabaki na amri ya kuzuia usifukuzwe, tamko la mahakama juu ya haki yako ya kukaa, au fidia.

Yule kijana naye asicheke. Septemba 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Torino Enterprises, ilisema barua ya mgao si hati ya kumiliki. Ni ahadi yenye masharti, na usipoyatimiza huna cha kumuuzia mtu. Miezi mitano kabla, katika kesi ya Dina Management ya Mombasa, ilisema hata hati iliyosajiliwa haikuokoi kama mzizi wake ulikuwa mbovu. Kwa hiyo karatasi anayotutishia nayo inahitaji kuulizwa maswali yaleyale tunayoulizwa sisi: masharti yalilipwa? Lini? Stakabadhi iko wapi?

Wengine wataniambia twende kwa Kadhi. Jamani, Katiba imempa Kadhi ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu. Mauzo ya ploti hayamo. Maslaha ya wazee yanakubalika, Katiba yenyewe inayahimiza, lakini mkielewana andikeni, kisha mpeleke mahakamani yawe amri. Na si lazima uanze na mahakama kubwa ya ardhi. Hakimu mkuu anasikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20.

Maoni yangu ni haya. Fatiha ibaki, wazee wabaki, chai ibaki. Lakini siku hiyohiyo, chini ya mti huohuo, awepo mtu mwenye kalamu. Msisaini kwa niaba ya ukoo. Asaini muuzaji, asaini mnunuzi, na kila sahihi iwe na shahidi wake na namba ya kitambulisho. Hilo si jambo la kizungu. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi wakati wa kuuziana. Na Waswahili walishasema mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama mzee shahidi wako bado yu hai, usingoje kesi. Sisi tulimpeleka yule wa tatu kwa wakili mwezi uliopita akaapa kiapo cha maandishi. Alitaja mpaka rangi ya mbuzi. Alipomaliza alituuliza kwa nini tumekawia miaka yote hii, na hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu.