Kwa Vonza: soko moja, ramani mbili

Toa kitambulisho chako cha taifa, kile cha kizazi cha pili, ukigeuze. Mgongoni utakuta maneno manne: wilaya, tarafa, lokesheni, lokesheni ndogo. Kaunti haimo. Mtu wa Nairobi hupitisha mwaka mzima bila kuyasoma maneno hayo. Wa Kwa Vonza hawezi, maana kila akienda kuomba karatasi fulani ataulizwa ametoka wapi, na jibu linategemea nani anayeuliza.

Akiuliza karani wa uchaguzi, hapa ni wadi ya Kwa Vonza/Yatta, moja ya wadi nne za eneobunge la Kitui Rural, pamoja na Kisasi, Mbitini na Kanyangi. Akiuliza chifu, hapa ni Lower Yatta. Soko ni lilelile, kwenye barabara iendayo Kitui kutoka Machakos, lenye bodaboda zilezile na vumbi lilelile la Septemba.

Jambo hili limerudi vinywani kwa sababu tume ya uchaguzi ilitakiwa na Katiba iwe imemaliza kupitia mipaka ya maeneobunge na wadi kufikia Machi 2024. Tarehe hiyo ilipita tume ikiwa haina hata kamishna mmoja ofisini. Kabla ya penseli kuanza kuchora upya, si vibaya kuangalia mistari ya zamani ilichorwaje. Nimetegemea vitabu viwili zaidi ya vyote: orodha iliyoambatishwa kwenye Sheria ya Wilaya na Mikoa ya mwaka 1992, na kitabu cha sensa ya 2019. Havielewani, na mzozo wenyewe umo hapo.

Mpaka wa kwanza hapa haukuchorwa na mtu. Uwanda wa Yatta ni mto wa lava ulioganda, wenye urefu wa karibu kilomita 300, na unatajwa miongoni mwa mirefu zaidi duniani. Lava ilishuka kutoka upande wa Ol Donyo Sabuk zaidi ya miaka milioni 10 iliyopita, ikafuata bonde la mto wa kale, ikapoa humo kama uji uliosahauliwa sufuriani. Udongo laini wa pande zote mbili ukaoshwa na mvua, na lililokuwa bonde likabaki juu kama ukuta. Magharibi yake hupita mto Athi, mashariki mto Tiva. Kutoka Machakos huhitaji kibao kukuambia kwamba umeingia nchi nyingine; gari lenyewe huhisi linapopanda uwanda.

Wakamba wenyewe walijitawala kwa utui na kivalo, yaani kijiji na muungano wa vijiji, wazee wakikaa kwenye nzama, baraza lao, kuamua kesi. Waingereza walikuja na boma, na kuanzia 1902 wakawa na sheria ya kuteua wazee wa vijiji, ambayo ndiyo mama wa chifu tunayemjua. Mkoa wa Ukamba ulikuwa na makao Machakos hadi John Ainsworth alipohamia Nairobi mwaka 1899. Miaka ya 1950 Kitui na Machakos zikaunganishwa na Wamaasai katika Mkoa wa Kusini. Uhuru ulipofika zikatiwa Mkoa wa Mashariki, uliofika hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia, na mkuu wa mkoa akawekwa Embu, ng'ambo ya mto Tana. Ukiwa na shida yako Kwa Vonza, serikali kubwa ilikuwa kwa watu usiojua hata kuwasalimu kwa lugha yao.

Hayo yote watu waliyavumilia. Kilichobadilisha mambo ni fedha. Mwaka 1983 Rais Daniel arap Moi alianzisha mpango wa kuifanya wilaya kitovu cha maendeleo ya mashambani. Tangu hapo barabara, bwawa na zahanati vilijadiliwa katika kamati ya maendeleo ya wilaya. Kuwa na wilaya yako kukawa ni kuwa na meza yako. Kila mwanasiasa akaanza kuitafuta.

Makueni ilipata yake mwaka 1992, ilipokatwa kutoka Machakos. Ilikuwa na hoja. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ilikuwa pori la mbung'o hadi mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, serikali ya kikoloni ilipoamua kuwahamishia huko Wakamba waliobanwa na ardhi iliyochoka ya Machakos. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaondoa faru. Mwindaji J.A. Hunter, ambaye jina lake bado liko kwenye hoteli ya Kiboko kando ya barabara ya Mombasa, aliwaua karibu elfu moja ndani ya miaka miwili hivi, kati ya 1944 na 1946. Leo tungeita hayo maangamizi, lakini mashamba mengi ya maembe na machungwa ya Makueni yamesimama juu ya kazi hiyo ya bunduki. Watu waliongezeka, na wilaya ikafuata watu.

Mwingi nayo ilikuwa na hoja, pengine nzito kuliko hiyo. Kitui ya zamani ilikuwa pana mno. Kaunti ya leo ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000, karibu sawa na nchi ya Ubelgiji, sehemu ya mbuga ya Tsavo Mashariki ikiwemo, wakati Makueni ina kama 8,000 tu. Mtu wa Tseikuru kwenda Kitui mjini na kurudi ilikuwa safari ya kulala njiani. Basi Mwingi nayo ikakatwa, ikapata mkuu wake wa wilaya mwaka 1993.

Tofauti ni mwaka mmoja. Sheria ya 1992 ilikuwa imekwisha kuorodhesha wilaya 46 na Nairobi. Makueni iliwahi, Mwingi ikachelewa. Wakati huo hakuna aliyejali, kwa kuwa mkuu wa wilaya wa Mwingi alikuwa na bendera na gari kama wenzake. Lakini wabunge walipokaa Naivasha Januari 2010 kujadili rasimu ya Katiba na kutafuta idadi ya kaunti ambayo wangekubaliana, hawakutaka kufungua mjadala wa mipaka, wakaifuata orodha iliyokuwepo kisheria. Orodha hiyo ilitoa kaunti 47. Makueni ikawa nambari 017. Mwingi ikarudishwa chini ya Kitui, nambari 015, kama mtoto aliyehama nyumba akaitwa arudi kulala kwa mama yake.

Kinachochekesha na kuumiza kwa pamoja ni kwamba makamu wa rais wa nchi siku hizo alikuwa Kalonzo Musyoka, mzaliwa wa Tseikuru na mbunge wa Mwingi Kaskazini. Cheo cha pili kwa ukubwa nchini hakikutosha kuipitisha Mwingi pale ilipokosa herufi sita kwenye karatasi ya 1992. Hapo ndipo naona uzembe wetu: tulirithi mistari ya mwisho wa enzi ya chama kimoja, tukaiandika ndani ya Katiba, tukaita ugatuzi. Kubadili mipaka ya kaunti leo kunataka tume huru na theluthi mbili za mabunge yote mawili. Naamini sitaishi kuliona.

Kwa Vonza ilipitiwa na wimbi jingine. Enzi ya Mwai Kibaki wilaya zilitangazwa jukwaani, mara nyingi uchaguzi ukikaribia; mwanasiasa alishuka kwenye gari akasema, na mkuu wa wilaya akatafutiwa nyumba ya kupanga. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ilisema wilaya zaidi ya 200 zilizoundwa baada ya 1992 hazikuwa halali. Maofisa hawakufunga virago. Wilaya zilibadilishwa jina zikawa kaunti ndogo za serikali ya kitaifa, na hivi ndivyo Lower Yatta ilivyobaki hai, huku kaunti ndogo ya gavana ikifuata eneobunge la Kitui Rural, lenye mipaka yake mingine kabisa.

Ndiyo maana gavana na naibu kamishna wa serikali ya kitaifa wanaposema kaunti ndogo hawazungumzii eneo moja. Mara nyingine haidhuru. Mara nyingine inadhuru: mapema 2018, serikali ya gavana Charity Ngilu ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti na lori likachomwa Kanyonyoo, wananchi walishuhudia kaunti ikitoa amri wakati polisi ni wa serikali ya kitaifa.

Mambo ya miaka ya karibuni ni machache. Taasisi ya Kilimo ya Ukamba, hapa Kwa Vonza, iligeuka chuo kikuu kishiriki cha Nairobi mwaka 2008, kisha Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, kikapata hati Machi 1, 2013, siku tatu kabla ya uchaguzi uliozaa kaunti. Wanafunzi wakaleta vyumba vya kupanga na vibanda vya chipsi. Hata chuo hicho kikaitwa kwa upande wa dira. Kitui haimo katika jina, Ukambani pia haimo.

Tume itakapofika Kitui, iweke ramani kubwa mezani katika soko la Kwa Vonza siku ya soko, wazee wanyooshe vidole. Lower Yatta ina naibu kamishna, ina machifu, ina ukurasa wake katika sensa ya 2019. Hakuna mtu aliyewahi kuipigia kura.