Jina la Mwandishi na Jina la Chuo

Ukurasa wa kwanza wa kitabu cha elimu, ule wenye jina la kitabu, jina la mwandishi na jina la chuo, hupitwa na wasomaji wengi kama mtu apitavyo kizingiti akiingia nyumbani. Lakini mtu aliyekwisha kupata shahada ya udaktari, na sasa ataka kuipiga chapa kazi yake, ukurasa huo humtaabisha kuliko sura zote ziufuatazo. Aweke jina lake peke yake, au pamoja na la msimamizi wake? Na chini ya jina aandike chuo gani: kile kilichompa shahada, au kile kinachomlipa mshahara leo? Maswali haya hudhaniwa kuwa ya adabu tu. Kumbe yana historia, na katika elimu ya lugha za Kibantu historia hiyo si ya kupendeza kila mahali.

Mfano ulio bora kuchunguzwa ni ule wa Benedict Wallet Vilakazi. Alizaliwa mwaka 1906 huko Groutville, Natal, akasomeshwa Mariannhill, akawa mwalimu wa shule. Digrii yake ya kwanza aliipata mwaka 1934 kwa Chuo Kikuu cha Afrika ya Kusini. Mwaka 1935 alitoa diwani yake ya mashairi ya Kizulu, Inkondlo kaZulu, iliyopigwa chapa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na mwaka uliofuata akaitwa Johannesburg, katika chuo hicho hicho, kufanya kazi pamoja na Profesa Clement Doke katika idara ya masomo ya Kibantu. Cheo alichopewa kilikuwa cha msaidizi wa lugha.

Cheo hicho chafaa kutazamwa vizuri. Kwa desturi ya vyuo vya wakati ule, msaidizi wa lugha alikuwa mwenyeji aliyeletwa darasani ili wanafunzi wasikie matamshi kutoka kinywani mwake, na ili mwalimu apate wa kumwuliza, "Neno hili kwenu husemwaje?" Vilakazi alikuwa na digrii, alikuwa mtunzi mwenye vitabu, na alikuwa akifundisha. Hata hivyo cheo kilimweka upande wa watoao maneno, si upande wa wayachambuao. Ubaguzi wa rangi ulikuwapo Afrika ya Kusini tangu kitambo, lakini sheria ya kuwatenga wanafunzi wa vyuo vikuu kwa rangi zao haikupitishwa mpaka mwaka 1959. Sheria haikuhitajiwa kwa jambo hili; desturi ilitosha.

Yeye mwenyewe hakukaa akingoja kupandishwa. Mwaka 1938 uchunguzi wake juu ya chanzo na maendeleo ya ushairi wa Kizulu, uliotokana na masomo yake ya shahada ya pili, ulipigwa chapa katika jarida la Bantu Studies, kwa jina lake peke yake. Hapo aliyepaswa kuulizwa maneno alisimama akauliza maswali, tena akayajibu. Mwaka 1946 Witwatersrand ilimpa shahada ya udaktari kwa tasnifu juu ya fasihi simulizi na fasihi andishi ya lugha za Kinguni, naye akawa Mwafrika wa kwanza kuipata shahada hiyo katika chuo hicho. Tarehe 26 Oktoba 1947 akafa, akiwa na umri wa miaka 41.

Mwaka 1948 ikatoka kamusi kubwa ya Kizulu kwa Kiingereza, na juu yake majina mawili: Doke na Vilakazi. Wapo watakaosema kwamba hili halikuwa jambo kubwa, maana kazi ilifanywa na watu wawili na yapasa majina yawe mawili. Asemaye hivyo hajazitazama kamusi nyingine za karne ile, ambamo wenyeji waliotoa maelfu ya maneno hushukuriwa kwa sentensi moja ya dibaji, mara nyingine bila hata jina la baba. Doke angeweza kufuata njia hiyo hiyo, na mwenzake alikwisha kuwa kaburini asiweze kudai. Hakuifuata. Kwamba jina la Doke ndilo lililotangulia, yawezekana ni kwa ukubwa wa cheo, yawezekana ni kwa mpangilio wa alfabeti tu; alfabeti nayo ina watu wake iwapendao. Jina la Vilakazi halikufutika tena. Kamusi hiyo ilipounganishwa mwaka 1990 na ile ya Kiingereza kwa Kizulu ya mwaka 1958, aliyoitengeneza Doke pamoja na Malcolm na Sikakana, majina yote manne yaliwekwa juu ya kitabu.

Lakini mizani haikulingana kila mahali. Tasnifu ya Doke mwenyewe, juu ya fonetiki ya Kizulu, ilitoka kama toleo maalumu la Bantu Studies mwaka 1926, muda mfupi baada ya kupewa shahada, na wanafunzi wa lugha wakaisoma duniani kote. Tasnifu ya Vilakazi ilibaki nakala ya taipu katika maktaba, nao walioitaka wakawa hawana budi kuifuata huko iliko. Kifo kilikata njia, ndiyo. Mwaka mmoja tu hautoshi kuigeuza tasnifu kuwa kitabu. Hata hivyo, chuo kilichompa mtu shahada na kumtumia kwa miaka 11 kilikuwa na mkono katika jambo hili, maana mtambo wa kuchapisha ulikuwa wake.

Kabla ya Vilakazi kulikuwa na mifano miwili yenye kuonyesha jinsi mambo yalivyoweza kwenda huku na huku. Mwaka 1916, mjini London, kilitoka kitabu kidogo cha kusomea Kitswana kwa herufi za fonetiki, nacho kilikuwa na majina mawili, Daniel Jones na Solomon Tshekisho Plaatje. Plaatje hakusoma chuo kikuu chochote. Jones alikuwa mwalimu wa fonetiki katika chuo cha London. Majina yakasimama bega kwa bega. Lakini maelezo juu ya toni za majina ya Kitswana yalipotoka mwaka 1928, yenye msingi katika sauti ya Plaatje huyo huyo, mwandishi alikuwa Jones peke yake. Huenda ilionekana kwamba kuandika hadithi za kusomea ni kazi ya wawili, na kuchambua toni ni kazi ya mmoja. Hapo ndipo mpaka ulipopigwa, na yafaa kuuliza ni nani aliyeupiga.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na Afrika ya Mashariki. Miaka ya 1930 Jomo Kenyatta alikuwa London, akimsaidia Lilias Armstrong katika uchunguzi wa matamshi na toni za Kikuyu. Armstrong alikufa Desemba 1937, na kitabu chake kikatoka mwaka 1940. Humo Kenyatta ni sauti. Mwaka 1938, katika kitabu Facing Mount Kenya, kilichotokana na masomo yake chini ya Malinowski, Kenyatta ni mwandishi, na Malinowski ndiye aliyemwandikia utangulizi. Mtu mmoja, mji mmoja, miaka ile ile. Kilichotofautiana ni upande wa meza alioketi.

Juu ya jina la chuo, mfano ulio wazi kabisa hautoki katika lugha bali katika fizikia ya viumbe. Rosalind Franklin alipata udaktari Cambridge mwaka 1945, akafanya kazi Paris, kisha mwaka 1951 akaingia King's College, London, akachunguza umbo la DNA kwa miale ya eksirei. Machi 1953 alihamia Birkbeck. Tarehe 25 Aprili 1953 makala yake, aliyoiandika pamoja na mwanafunzi Raymond Gosling, ikatoka katika jarida la Nature. Chini ya majina yao kumeandikwa King's College. Lakini penye jina la Franklin pana alama ya nyota, na chini maneno machache ya kueleza kwamba sasa yuko Birkbeck. Nyota hiyo ndogo yasema kweli mbili kwa pamoja: kazi ilifanyika pale, na mwenye kazi yupo hapa. Siku nane kabla ya makala kutoka, mkuu wa maabara aliyoiacha alimwandikia barua kumkumbusha kwamba aliahidi kuiacha kazi ya DNA, na kwamba aache hata kuifikiria. Anwani huhamishika, fikira ya mtu itaachwaje ofisini kama ufunguo?

Mwalimu arudiye Dar es Salaam au Nairobi na shahada iliyopatikana ng'ambo yumo katika hali iliyo karibu na hiyo. Akiitoa sura ya tasnifu yake kama makala, desturi ya majarida mengi ni kuandika chuo ambapo utafiti ulifanyika, kisha kueleza kwa tanbihi mahali mwandishi alipo sasa. Desturi hiyo ni ya haki, lakini haitoshi kwa watu wa kwetu. Mara nyingi chuo cha nyumbani ndicho kilichompa ruhusa na mshahara kwa miaka yote ya masomo, na data zilikusanywa Pangani au Lamu, si ng'ambo. Akiandika chuo cha ng'ambo peke yake amekidhulumu cha nyumbani. Akiandika cha nyumbani peke yake ameficha waliomfundisha. Majina mawili ya vyuo, na sababu ya kila moja kuelezwa, si majivuno, ni hesabu iliyo sahihi.

Ama msimamizi, neno ni fupi. Katika sayansi za maabara jina lake huingia kwa desturi. Wahariri wa majarida ya utabibu, waliokutana Vancouver mwaka 1978, walianzisha kanuni ambazo baadaye zilisema waziwazi kwamba kutafuta fedha au kuongoza idara peke yake hakumfanyi mtu kuwa mwandishi. Katika elimu ya lugha, msimamizi aliyesahihisha sura na kuelekeza vitabu vya kusoma hustahili shukrani nyingi, wala si jina juu ya makala, isipokuwa ameandika. Mwanafunzi aongezaye jina la mkubwa ili makala ikubaliwe upesi atakuwa ameuza kilicho chake kwa bei ndogo sana.

Nao waliotoa maneno wenyewe? Mwaka 1901 Carl Velten, mwalimu wa Kiswahili mjini Berlin, alitoa Safari za Wasuaheli, na humo kila safari ilikuwa na jina la msafiri aliyeisimulia, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo akiwa mmoja wao. Miaka miwili baadaye, mwaka 1903, kikatoka huko Göttingen Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho hapana achunguzaye maisha ya mrima awezaye kukikwepa. Sehemu iliyo kubwa ni kazi ya Mtoro, aliyekuwa Berlin tangu mwaka 1900 akifundisha Kiswahili. Juu ya kitabu, jina ni la Velten, aliyekusanya na kuhariri. Mtoro aliiacha kazi ya Berlin mwaka 1905, baada ya kuoa mwanamke wa Kijerumani. Akasafiri naye kurudi kwao, na serikali ya koloni ikawakatalia kushuka pwani pamoja. Akarudi Ujerumani, akafundisha kwa muda Hamburg, akafa Berlin mwaka 1927.

Tafsiri ya Kiingereza iliyotengenezwa na J. W. T. Allen ilitoka California mwaka 1981, baada ya kifo cha Allen. Katika jina la kitabu hicho imeandikwa kwamba desturi hizi ni za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine. Nakala za mwaka 1903 zilizomo maktabani zingali na jina la Velten.